Kilichomchekesha Kaka

Siku ya kumaliza msiba wa kaka yangu, wazee wa ukoo walikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba yake kule Ngara, wakagawa vitu vyake kama wanavyogawa siku zote. Jembe jipya likaenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Koti la kanisani akapewa baba mdogo, ambaye mikono yake ni mirefu kuliko ya marehemu. Akalivaa hapo hapo, vifundo vya mikono vikabaki nje. Baiskeli ibaki nyumbani. Panga, redio, mkanda. Ilipofika zamu ya simu wakanyamaza, kwa sababu baba zao na babu zao hawakuacha simu, kwa hiyo hapakuwa na mfano wa kufuata.

"Simu ni kitu kimoja," akasema baba mdogo, "lakini ina viungo."

Wakaigawa kwa viungo. Laini akapewa binti mkubwa wa marehemu, kwa hoja kwamba namba ni kama jina, na jina hubaki kwa watoto. Chaja akaichukua baba mdogo mwenyewe, akisema ya kwake imekufa na umeme wa jua anao unakaa bure. Kava lenye mfuniko akapewa shangazi, akaweke vitambulisho. Mimi nikapewa simu yenyewe, uchi, kwa sababu nafanya biashara barabarani na mtu wa biashara lazima awe na simu ya maana.

Niliipokea kwa mikono miwili nikasema asante. Palepale nikaipigia hesabu: mara ya kwanza kwa bei ya dukani, mara ya pili kwa bei ya mtu anayeuza akiwa na shida. Ilikuwa simu nzuri. Kaka aliinunua Kahama baada ya kuuza kahawa, na ikilinganishwa na yangu ilikuwa kama mjukuu. Nilijisikiliza kidogo kama kuna mahali panauma. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa hivyo tangu alipofariki, nimekufa ganzi mwili mzima kama mtu aliyekalia mguu mmoja siku nzima. Nilikuwa nimebishana na seremala juu ya bei ya jeneza mpaka akashuka, na kisha mpaka akatoa vishikio bure, watu wakanisifu, na mimi nikaona tu kwamba ni bei nzuri.

Shemeji yangu, mke wa kaka, hakupata chochote kwenye simu. Wazee walisema nyumba yote ni yake, simu ya nini tena. Nilipoaga, alinisindikiza hadi njia kubwa.

"Shemeji, imefungwa hiyo," akasema.

"Nimeona. Hukuwahi kumwona akiifungua?"

"Kila siku namwona. Kidole kilikuwa kinakwenda hivi," akachora hewani, "halafu hivi, halafu kinarudi. Nimejaribu mpaka ikaniambia nisubiri. Nikasubiri. Nikajaribu tena, ikaniambia nisubiri zaidi. Inanidharau."

"Fundi ataifungua."

"Ataifungua au ataifuta?"

Sikujua. Nikamwambia sijui.

"Basi usiifute kwanza. Kuna kitu nataka kujua."

Nikafikiri yanakuja yale mambo ambayo shemeji mtu huambiwa njiani, nikajiandaa kutosikia vizuri. Lakini hakuwa na neno hilo.

"Wiki zile za mwisho," akasema, "alikuwa analala pale kitandani anaweka simu sikioni, anacheka. Mtu hali, uji unapoa, yeye anacheka. Nikimuuliza ni nini, ananiambia subiri nitakusikilizisha, anashindwa kwa kucheka, anakohoa, anapitiwa na usingizi. Hakunisikilizisha mpaka akaondoka. Nataka kujua alikuwa anacheka nini."

"Ukishajua?"

"Nitakuwa najua."

Nikaweka simu mfukoni nikaondoka.

Mimi nauza asali Lusahunga, pale malori yanapopumzika kabla ya kushika safari ya mpakani Rusumo. Naichukua kwa warina asali upande wa Nemba na kwingineko, naichuja, naiweka kwenye madumu na chupa, nawauzia madereva wanaokwenda Rwanda na Burundi na wanaorudi. Zamani tulikuwa tunakimbilia lori likisimama, mwenye mbio ndiye mwenye mali. Siku hizi dereva anakutumia sauti kwa wasapu akiwa bado Nyakanazi: mzee, niandalie madumu mawili, nipigie picha nione rangi. Usipojibu, anamtumia jirani yako. Jirani yangu hana mbio sana lakini ana simu mpya.

Yangu ilikuwa imezeeka kwa kila upande. Kioo kilikuwa na ufa uliopita katikati ya uso wa kila mtu aliyenitumia picha. Betri ilikuwa imevimba, mfuniko wa nyuma nikaufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kila asubuhi iliniambia nafasi imejaa, na kila asubuhi nilifuta picha za sikukuu walizonitumia watu ambao hawajawahi kuninunulia hata chupa. Haya yote niliyavumilia. Kisha siku moja, baada ya msiba, ikaleta tangazo kwamba wasapu haitafanya kazi tena kwenye simu ya aina hii, na kwamba nitafute nyingine.

Nikasoma mara mbili. Maana yake ilikuwa hiyohiyo.

Kwa hiyo nilikuwa na simu mbili: moja inafanya kazi lakini inakufa, nyingine nzima lakini imenuna. Na kulikuwa na njia ya tatu, kununua. Nikaenda Biharamulo mjini kuuliza, maana kuuliza ni bure, na mtu anayenunua bila kuuliza mahali pawili hastahili kuwa na pesa.

Dukani kijana alinitolea simu inayong'aa kama sahani ya harusi. Akanionyesha nyuma yake.

"Mzee, hii ina kamera tatu."

"Mimi nina macho mawili na yananitosha. Bei?"

Akataja. Nikaomba arudie, nikitumaini kwamba mara ya pili itapungua. Haikupungua.

"Lakini usiogope, mzee wangu. Unatanguliza kidogo, unaondoka nayo, unalipa kila siku kidogo kidogo."

"Na siku nisipolipa?"

"Inajifunga yenyewe."

"Iliyojifunga ninayo nyumbani," nikamwambia, "na sikukopeshwa."

Fundi alikuwa upande wa sokoni, kwenye kibanda chenye meza, taa na simu nyingi zilizopasuliwa matumbo. Akanisalimia shikamoo bila kuinua macho. Nikaitikia marahaba nikaweka simu ya kaka mezani.

"Inafunguka hii?"

"Ya kwako, mzee?"

"Ya kaka yangu. Amefariki."

Hapo akainua macho. "Mzee, samahani. Kila anayeniletea simu iliyofungwa ana ndugu aliyefariki. Ingekuwa kweli, wilaya hii ingekuwa imebaki na mimi na simu."

Nikamwonyesha karatasi ya kikao cha ukoo, yenye mhuri wa mtendaji wa kijiji, iliyoandikwa simu moja bila chaja. Akaisoma, akanipa pole, safari hii ya kweli.

"Elfu thelathini."

"Nimekuuliza bei ya kuifungua, sikukuuliza unaniuzia kiasi gani."

"Ishirini na tano."

"Kumi na tano, na naleta na ya jirani yangu ikiharibika."

"Jirani yako simu yake ni mpya?"

"Mpya."

"Basi itachelewa kuharibika. Ishirini."

Tukakubaliana ishirini. Hata hiyo raha ndogo ya kushusha bei sikuisikia. Nikamuuliza kama anaweza kuifungua bila kufuta vilivyomo.

"Kwa hii, hapana. Za zamani ningejaribu. Hizi mpya zimetengenezwa na watu wasiomwamini mtu. Ninachoweza ni kusafisha yote. Picha, meseji, sauti, kila kitu kinaondoka. Ikiwaka itakuuliza unaongea lugha gani, kama mgeni."

Akachungulia pembeni inapokaa laini. Palikuwa wazi, hata kadi ya kuhifadhia picha haikuwepo. "Unatafuta nini humu ndani? Kama ni hati au pesa, niambie mapema."

"Kulikuwa na kitu kinamchekesha. Mke wake anataka kujua ni nini."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. "Alikuwa anatazama au anasikiliza?"

"Anaweka sikioni."

"Basi ni sauti za wasapu. Hizo mtu huwa anatumiwa. Na aliyetuma naye hubaki nazo kwenye simu yake kama hajazifuta. Mtafuteni aliyekuwa anamtumia."

Nikamshukuru, nikaichukua simu, nikaelekea stendi. Nilikuwa nimeshafika karibu na magari ndipo nikakumbuka kwamba aliyekuwa anamtumia ni mimi.

Nieleze. Kaka alipoanza kulala muda mwingi nilikuwa siwezi kwenda Ngara kila mara, maana asali haijiuzi. Na mimi si mtu wa kutuma maneno ya pole. Kwa hiyo dereva akianza kubishana nami juu ya bei, nilikuwa nabonyeza kurekodi, simu naiweka juu ya dumu, tunabishana, tukimaliza namtumia kaka. Basi. Yeye alikuwa anajibu kwa vile vikatuni vya uso unaocheka mpaka machozi. Na mimi sikuvitilia maanani, kwa sababu kila mtu anavituma. Mimi mwenyewe huvituma nikiwa nimenuna.

Nikarudi kwa fundi, nikamwekea simu yangu kuukuu mezani. Akafungua ule mpira wa tyubu, akaufunga tena haraka alipoona betri. Akatafuta, akakuta sauti zipo, nyingi kuliko nilivyodhani.

"Wasapu ikikoma, hizi zitapotea?"

"Ziko kwenye faili, mzee. Simu ikiwaka zitasikika."

"Na simu itawaka mpaka lini?"

"Hilo kamuulize Mungu. Lakini betri hii tuibadilishe, isije ikajibu kabla yake." Akaweka betri nyingine iliyokwisha kutumika. Kuzihamishia mahali pengine kulishindikana. Simu yangu ilisema nafasi haitoshi hata ya kutengeneza nakala. Akaniambia kama naiuza ataichukua kwa elfu tano, vipuri. Nikasema nitafikiri.

Nilifika Ngara mchana, siku ambayo shemeji alikuwa uani na ungo, anachambua maharage ya kupeleka gulioni. Nikaweka simu mbili juu ya kigoda, ya kaka na ya kwangu. Akaitazama ya kaka.

"Umeifuta?"

"Bado. Imeshindikana kufunguliwa. Lakini nimejua alikuwa anacheka nini."

Mikono yake ikatulia kwenye maharage.

"Alikuwa ananicheka mimi," nikasema, nikabonyeza.

Ikatoka kwanza kelele ya injini, halafu sauti ya dereva, mtu wa Dar kwa lafudhi yake. "Mzee, elfu kumi na mbili lita moja? Nyuki nao unawalipa mshahara?"

Na sauti yangu: "Nawalipa. Sasa hivi wanadai na likizo."

"Nyakanazi nimeuziwa elfu nane."

"Basi rudi Nyakanazi. Geuza tu hapo, lori lako na tela lake, nitakusimamia barabara."

"Hii si ni sukari umechemsha?"

"Ningekuwa na sukari ningekuuzia sukari, ina bei kuliko asali."

Ikaendelea hivyo, dereva anataka kuondoka, anarudi, anafunga mlango wa lori, anafungua. Ikaisha. Kuku akapita katikati yetu. Shemeji alikuwa bado anaitazama simu kana kwamba haijamaliza kusema.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii."

"Hiki ndicho kilikuwa kinamfanya aache uji?"

"Nadhani. Ziko nyingi."

"Weka nyingine."

Nikaweka nyingine. Ya Mrundi aliyekuwa anataka kulipa nusu kwa faranga na nusu kwa biskuti. Nikaweka ya dereva aliyeonja mpaka nikamwambia sasa hicho alichoonja ni lita, alipe. Nyumbani sisi tunaongea Kihangaza, na kwa Kihangaza mimi ni mdogo wa watu, nazungumza taratibu, nampisha kila mtu. Ubishi wa barabarani ni wa Kiswahili. Kaka alishawahi kuniambia kwamba nikiwa Lusahunga nina kiburi ambacho nyumbani sijawahi kukileta hata sikukuu. Shemeji naye hakuwa amewahi kunisikia hivyo. Alikuwa ananitazama, kisha anaitazama simu, kama anayelinganisha noti mbili.

Hakucheka. Nami sikucheka. Tulisikiliza kama watu wanaosikiliza matangazo ya vifo redioni. Lakini ilipofika ile ya dereva wa matenki, akanyoosha mkono.

"Simamisha. Hapo ulipunguza bei haraka."

"Alikuwa anaondoka."

"Hakuwa anaondoka. Nimesikia mlango, hakuwasha gari. Mtu anayeondoka anawasha gari. Ungekaa kimya tu."

"Shemeji, hukuwepo."

"Nimesikia. Rudisha."

Nikarudisha. Tukasikiliza mlango. Hakuwasha gari.

"Umeona?" akasema, akarudi kwenye maharage yake, akatupa jiwe moja nje ya ungo. "Alikuwa anacheka hapo. Lazima. Mimi ningecheka."

Aliposema hivyo nilitegemea kitu kitatokea, kwake au kwangu. Alichambua mpaka ungo ukaisha, akamimina kwenye gunia, akajaza mwingine. Nikamwekea zilizobaki. Mbili tatu akaomba zirudiwe. Jua lilipohama kutoka ukutani akaniuliza kama nina gari la kurudi, nikasema lipo.

"Hii kuukuu iache hapa," akasema.

"Haina thamani, shemeji. Fundi kaipa elfu tano."

"Basi sikuibii sana. Chaja inayo?"

"Inayo."

"Ile aliyochukua baba yenu mdogo imeenda, hii isiende. Iache na chaja yake. Ile nyingine kaifute."

"Una uhakika? Ikifutwa hairudi."

"Mimi sikutaka simu. Nilitaka kujua." Akajikung'uta vumbi la maharage kwenye kanga. "Nilidhani ni kitu kikubwa zaidi."

"Mimi pia."

Nikatoa laini yangu, nikamwonyesha pa kubonyeza. Akajaribu mwenyewe, sauti yangu ikaanza kubishana na mtu juu ya bei ya dumu, akaizima. Akaniuliza kama wajukuu wakiichezea itaharibika. Nikamwambia aiweke juu.

Kesho yake nilikuwa Biharamulo kwa fundi. Akaniuliza, "Nifute?" Nikasema futa. Akabonyeza vitu viwili kwa wakati mmoja, skrini ikawa nyeusi, ikaja nembo, ikazunguka zunguka. Nilisimama pale nikitazama kama mtu anayengoja ugali. Ilipowaka ikauliza lugha. Nikachagua Kiswahili. Fundi akaweka namba yangu, akauliza aweke picha gani pale mbele. Nikamwambia aache ile iliyokuja nayo, ya milima fulani yenye theluji ambayo si ya hapa. Nikamlipa ishirini. Chaja nikanunua kwake, nikaishusha kwa elfu moja.

Mtu akiniuliza kama ilifaa kubadilisha, nina jibu. Betri inafika jioni. Picha za asali zinaonyesha rangi yake, na dereva hawezi tena kusingizia kwamba ni nyeusi. Nafasi haijai. Jirani yangu amenuna. Kwa gharama ya fundi na chaja, nimepata simu ambayo dukani ningelipa mara nyingi zaidi, na kama ningekuwa nimeulizwa na mtu mwingine ningemwambia achukue haraka kabla mwenye mali hajabadili mawazo. Nimeipiga hesabu mara mbili na zote zinakubali. Kurekodi inarekodi vizuri sana, fundi alinionyesha. Sijarekodi kitu.

Jumapili moja shemeji akanipigia kwa kitochi chake, kile kisimu kidogo cha kubonyeza. Aliniuliza habari za watoto, nikasema wazima, nikauliza za kwake, akasema wazima.

"Yule wa matenki," akasema. "Baada ya pale. Alilipa?"

"Alilipa."

"Ile bei uliyoipunguza?"

"Hapana. Nilipozima simu nikapandisha tena, akalipa ya kwanza."

Nikasikia maji yanamiminwa upande wake.

"Mwongo wewe, shemeji."

Hakukata simu papo hapo, na vocha ilikuwa yake.